Kanuni Saba za Kuchota Sampuli

4 Februari

Profesa wangu,

Salamu nyingi, na nyingine za akiba endapo hizi zitaisha njiani. Huku wazima. Baba yako ameingiziwa meno mapya na sasa anachekea kila mtu, hata wale aliowanunia tangu mwaka juzi. Anasema meno hayakutengenezwa yakae gizani. Mdogo wako amepanda cheo pale stoo, siku hizi anafunga tai na haitiki mpaka umwite mara mbili. Mimi mgongo unanisema asubuhi, nikishachangamka unanyamaza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi husema mambo mawili tu, "hujambo" na "umekula", kisha boila inanguruma na tunaagana. Hili linataka karatasi.

Karakana yangu unaijua kuliko chumba unacholala. Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika bado yanatoka hotelini na kwa wakaanga viazi, tunayachuja, tunayapasha moto, tunayachanganya na spiriti na kostiki, ile magadi kali ya kutengenezea sabuni, gliserini inatua chini tunaiondoa, tunaosha, tunakausha, na kinachobaki ni dizeli. Miaka ishirini na miwili sasa. Mteja wangu mkubwa ni yuleyule, yadi ya mabasi ya wanafunzi. Bila yadi ile ningekuwa muuza sabuni ya gliserini, na sabuni yenyewe unajua inavyowasha.

Sasa fundi mkuu wa yadi ameanza maneno. Mara tatu tangu mvua zianze, filta za mabasi zimeziba kwa utelezi mweupe, na basi moja lilizima kilimani likiwa na watoto ndani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Nilimwambia fundi mkuu kwamba mafundi wake hawaoshi mapipa yao. Mimi kila tangi nalipima kabla halijatoka, na chupa ninazo rafuni, safi, unaweza kusomea gazeti ndani yake. Alinisikiliza, akanishukuru, hakubishana. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya meneja wake: kuanzia mwisho wa Septemba watanunua kwa wale tu wenye alama ya ubora ya chama cha watengenezaji wa dizeli ya mimea. Yaani hiyo yenu.

Nilikuwa naicheka alama hiyo, sifichi. Si sheria, serikali haiulizi, ni hiari ya mtu. Niliwaambia wenzangu kwamba aliye na hiari ya kukaguliwa hana kazi ya kufanya. Leo nimeijaza fomu mwenyewe, kwa sababu wafanyakazi sita wananitazama usoni kila asubuhi.

Wewe uko hukohuko kwenye maabara yao. Niambie wanatazama nini. Na kama faili langu litapita mezani kwako, litazame kwa jicho la huruma, nami jicho hilo nitalipokea kwa mikono miwili.

Mtu wetu wa boila anakusalimu. Bado tunamwita Mzee Kimya na bado hajanyamaza.

Shangazi yako

•

1 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, jibu ndilo lililochelewa. Nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema bila kukuudhi na sijaipata, kwa hiyo nitalisema hivyo hivyo.

Kwanza, mimi mzima. Nakaa na wenzangu wawili juu ya duka la fundi wa magodoro, na nguo zetu zote zina pamba, hata za ndani ya sanduku. Kazini bado niko kwenye miezi ya majaribio. Mwezi wa saba ndipo watakapoamua kama nabaki. Mwambie baba nimefurahi kusikia anacheka, ila asimchekee fundi wa meno akaongezewa mengine.

Faili lako sitaligusa. Kuna daftari linaning'inia kwenye mlango wa maabara. Ombi likitoka kwa ndugu au rafiki yako, unaandika jina lako humo na kutoka chumbani, na tangu hapo huulizi wala huulizwi. Siku ombi lako lilipofika niliandika. Mkuu wa maabara alisoma akauliza, shangazi wa damu? Nikamjibu, wa damu na wa malezi. Akanionyesha chumba cha pili.

Usinikasirikie. Alama hii haina polisi, Shangazi. Hakuna anayeburutwa kuja na hakuna faini kwa asiyekuja. Nguvu yake yote ni kwamba mtu amekuja kwa miguu yake na kusema ukweli wa kazi yake. Likiingia humo jicho la huruma hata moja, fundi mkuu wa yadi atakuwa ananunua kibandiko.

Ninachoweza kukwambia ni kile kilichomo kwenye kijitabu anachopewa kila mwombaji. Wanataka kila kazi iwe na maelekezo yaliyoandikwa, na yafuatwe. Kila tangi lipimwe kabla ya kutoka, na chupa moja ihifadhiwe, ili yakija malalamiko kuwe na kitu cha kuchunguza. Na mtu akikosea aseme amekosea, aandike, arekebishe. Ni hayo tu, na mengi kati yake nimeyajua kwako. Nilipoletwa kwako nina miaka minane, wiki ya pili baada ya mazishi ya mama, watu wengine walikuwa wananipapasa kichwa na kunipa biskuti. Wewe ulinipa kiti kirefu na kazi ya kuandika lebo za mapipa. Ulisema nikikosea namba, mtu atamwaga kitu mahali si pake. Ndiyo siku ya kwanza niliyoacha kulia kabla ya jioni. Sijawahi kukushukuru kwa hilo, nakushukuru leo.

Wakija, usiwapambie kitu. Waonyeshe unavyofanya kila siku.

Mwanao

•

9 Aprili

Profesa,

Hujambo, na pamba yako? Jino moja la baba yako lilichomoka juzi akicheka msibani kwa watu. Amelala mlango umefungwa, anasema ni goti. Mdogo wako tai yake ilibanwa na droo ya stoo, wakamtoa kwa mkasi. Kwa ufupi, nyumba imetulia.

Wakaguzi walikuja tarehe 24 Machi, wakakaa siku mbili. Mwanamume wa miwani mwenye adabu nyingi, na mwanamke wa makamo ambaye Mzee Kimya alimbatiza Mama Kalamu, maana ana kalamu tatu na haazimi hata moja. Asubuhi ile ilikuwa yangu. Walisifu sakafu. Walisifu mapipa yenye lebo, walisifu daftari la matangi. Mzee Kimya aliwatembeza akiwasimulia boila kama mtoto wake wa kwanza, na mimi nyuma yao nilikuwa nimeshapaa.

Ndipo Mama Kalamu akaomba nimwonyeshe ninavyochota sampuli. Nikapanda ngazi ya tangi la tatu, nikafungua kifuniko, nikashusha kata yenye mpini mrefu, nikachota juu. Ikaja safi, ya dhahabu. Nikaiinua waione, nikitabasamu kama baba yako.

Wakatazamana.

Yule wa miwani akafungua sanduku na kutoa kopo la shaba, zito, lenye kizibo na kamba mbili. Akalishusha hadi sakafu ya tangi likiwa limezibwa, kisha akavuta kamba ya pili, kizibo kikachomoka na kopo likajaa kulekule chini. Akafanya hivyo tena katikati. Akaziweka chupa mezani, ya juu, ya kati na ya chini. Ya juu unaijua. Ya kati ilikuwa na ukungu kidogo. Ya chini, mwanangu, ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele, na chini yake maji na utelezi wa gliserini, kina cha kidole kizima.

"Hizi zote ni tangi moja," alisema, kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

Kwa hiyo nimejua. Kipimo nimekuwa nikikichukua juu, na mabasi nimekuwa nikiyajaza kwa bomba, na bomba liko chini. Lile basi la kilimani halikuzimwa na mapipa ya mtu. Nililizima mimi, kisha nikaenda kumfokea fundi mkuu.

Ripoti imeshafika, ina makosa makubwa mawili. La kwanza, sampuli inachotwa juu tu na haiwakilishi tangi. La pili, karakana haina maelekezo yaliyoandikwa ya kuchota sampuli. Hilo la pili wamelipigia mstari, kwa maana anayefanya kazi bila maandishi, kwao, anabahatisha. Watarudi katikati ya Agosti. Nikifaulu napata alama, nisipofaulu yadi imeondoka.

Waliniuliza na mengine, nikajibu, hayakuhusu. Nawashukuru watu wale, sisemi uongo. Nimeshaagiza kopo la shaba na Mzee Kimya anafanyia mazoezi kwenye pipa la maji, akitoa maelezo kwa wapita njia.

Shangazi yako

•

2 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Nisamehe, leo sina habari za nyumbani kwangu. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu.

Kosa la pili si la kweli. Maelekezo yalikuwepo, na niliyaandika mimi.

Ilikuwa likizo ya mwaka wangu wa kwanza chuoni, miaka tisa iliyopita. Kichwa cha karatasi kilikuwa "Kanuni Saba za Kuchota Sampuli", kwa herufi kubwa. Niliisaini jina langu lote, nikaipiga muhuri niliouchonga kwenye kifutio, nikaipeleka mjini ikafunikwe plastiki. Wewe ukaibandika kwenye mlango wa stoo ukawa unawasomea wageni. Kanuni ya pili naikumbuka neno kwa neno: "Chota juu, mahali palipotulia, ili uchafu wa chini usiharibu kipimo." Nilikuwa na miezi minane ya chuo na kiburi cha miaka thelathini. Nilikuwa nimesikia darasani kwamba sampuli chafu inaharibu vyombo, nikalichukua nusu, nikalileta kwako kama elimu.

Kabla ya hapo ulikuwa unafungua bomba la chini, unakinga kwenye glasi na kutazama kwa jicho. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye usahihi ule nikakupandisha ngazi, na wewe ulinifuata kwa sababu nilikuwa nasoma na wewe hukusoma.

Karatasi ile iko wapi, Shangazi? Nijibu hilo tu.

Mwanao

•

20 Mei

Profesa,

Sisi wazima. Jino la baba yako limerudishwa mahali pake.

Sikumbuki karatasi yoyote. Mlango wa stoo tuliupaka rangi, vitu vingi vilitupwa. Mwezi wa saba uko karibu, chapa kazi yako na usitafute makuu.

Shangazi yako

•

11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Mwenzangu mmoja wa chumba ameolewa na fundi wa magodoro, hivyo pamba sasa ni ya ukoo.

Mlango wa stoo haujapakwa rangi tangu nimezaliwa. Mdogo wangu alimuuliza Mzee Kimya, na unajua mwenyewe kwamba siri kwake hailali. Amesema siku ya kwanza ya ukaguzi, wakaguzi walipokwenda kula mchana, ulikwenda stoo, ukaibandua karatasi kwa kisu cha jikoni, ukaiweka chini ya mto wa kiti chako na kuikalia mpaka walipoondoka. Mama Kalamu alipouliza ni nani aliyekufundisha kuchota juu, ulisema umejifunza mwenyewe. Alipoomba maelekezo yaliyoandikwa, ulisema hakuna. Ulikubali kosa ambalo hukulitenda, na ukijua kwamba yadi ya mabasi inaning'inia hapo, ili jina langu lisisomwe na watu wanaotaka kuamua mwezi ujao kama nafaa.

Niliposikia nilikaa kwenye ngazi za duka la magodoro nikalia mbele za wateja. Hakuna mtu aliyewahi kunikingia kifua namna ile, na sitarajii kumpata mwingine. Nakushukuru kwa moyo wangu wote. Nakuomba uamini shukrani hiyo, kwa sababu ninachokwambia sasa hutakipenda.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wa maabara nikamweleza yote. Kwanza alinikumbusha lile daftari la mlangoni. Nikamwambia sikuuliza habari za faili, nimekuja kuungama yangu. Akavua koti la maabara, akaketi, akanisikiliza hadi mwisho. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Kosa la kuchota linarekebishika, na lako la ujanani tutalizungumza. Lakini mkaguzi wangu aliuliza swali akajibiwa uongo. Shangazi yako aandike mwenyewe, kwa mkono wake, kilichotokea na kwa nini. Akiandika kabla ya ukaguzi wa pili, faili linaendelea. Asipoandika, nalifunga mwaka mzima."

Mwaka mzima ni baada ya Septemba, Shangazi. Andika. Tuma na karatasi yenyewe, pamoja na muhuri wangu wa kifutio na majivuno yake yote.

Mwanao

•

25 Juni

Wewe,

Sikukutuma.

Niliona kopo lile la shaba linapanda na nikajua palepale karatasi ile itakufikisha wapi. Nilifanya nilichofanya na roho yangu ilitulia. Kazi ya kukukinga sikuomba ruhusa kwa mtu nilipoianza na sitaomba kibali cha kuiacha. Sasa umekwenda kuyafunua yote kwa bosi wako, wiki chache kabla hawajaamua. Miaka yote ile ya kusoma, na hukusoma hilo.

Siandiki barua yoyote. Walifunge faili. Nitauza sabuni.

Usiniandikie mpaka hasira ishuke. Ikishuka nitakwambia.

•

19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Umesema nisiandike, naandika. Huu utovu wa adabu nao utauongeza kwenye orodha.

Waliamua wiki iliyopita. Hawakunifukuza na hawakunithibitisha. Wameniongezea miezi sita ya majaribio na wamenitoa kwenye chumba cha vipimo. Niliinama nikasubiri niambiwe niende wapi. Mkuu akanipa mafaili kumi na moja ya karakana ndogo kama yako, akaniambia nisome jinsi kila moja inavyochota. Kati ya hizo kumi na moja, mbili zinachota juu tu. Hawakuwahi kuisoma karatasi yangu, walifika huko kwa njia yao, kwa kupenda tu chupa nzuri. Nimepewa kazi ya kuandika upya maelekezo ya uchotaji kwa karakana ndogo, kwa lugha ya mtu aliye juu ya ngazi. Mkuu alisema nitaandika vizuri kwa sababu najua kosa linavyoingia likiwa limevaa nadhifu. Nashukuru, Shangazi. Nililala usingizi wa kweli siku hiyo.

Kuhusu wewe, nina neno moja tu. Ulipokuwa unanikinga ulikuwa unanikinga na fedheha. Sasa fedheha nimeshaionja, haikuniua, na bado nina kazi. Hakuna tena kitu cha kukinga. Kilichobaki ni wewe kupoteza yadi kwa ajili yangu, watu sita warudi nyumbani kwa ajili yangu, na mimi niishi nayo. Hiyo ndiyo fedheha nisiyoiweza. Nakupigia magoti, andika. Jina langu liandike lote, hata lile la ubatizo ambalo silipendi.

Mwanao

•

8 Septemba

Mwanangu,

Hujambo. Hasira imeshuka. Ilishuka zamani kidogo, maneno haya ndiyo yaliyochelewa.

Baba yako mzima na anakusalimu kwa meno yote. Mdogo wako ameacha tai, sasa anaitika mara ya kwanza. Mgongo wangu haujasema kitu wiki nzima, nina wasiwasi nao.

Niliandika. Ilinichukua siku nne na karatasi nyingi zaidi ya hizo. Uongo ule niliutamka kwa pumzi moja, kuuandika ukawa unanishinda kila nikifika pale penye "nilificha". Mwishowe nikaandika kama ninavyoandika daftari la matangi: tarehe, saa, nini kilitoka wapi kikawekwa wapi. Nikakuandika jina lako lote. Nikaiambatisha na karatasi ya plastiki, ina alama ya kisu kwenye kona, na nikaituma tarehe 29 Julai.

Nilipoituma niliona miguu imekuwa myepesi, basi nikapita yadini moja kwa moja na chupa ya chini ndani ya mkoba. Nikamkuta fundi mkuu chini ya basi. Nikachuchumaa, nikamwonyesha chupa, nikamwambia filta zako nilikuwa naziziba mimi, mapipa yako yalikuwa safi, na maneno niliyokutolea nayarudisha nyumbani kwangu. Akatoka chini ya basi taratibu akifuta mikono. Alisema anajua. Anajua tangu mwaka juzi. Kila Ijumaa alikuwa anafungua filta za mabasi yote na kumwaga maji yangu kabla hayajaleta balaa, na lile basi la kilimani ni Ijumaa aliyokuwa mgonjwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wazi. Akajibu:

"Mama, tungekwambiaje? Tunakuheshimu."

Nikarudi karakanani nikamkabili Mzee Kimya. Mtu huyu aliyenisimulia ndoto zake zote tangu tulipofungua geti. Naye alijua. Alikuwa anaona weupe kila akifungua bomba kuwajazia, anaacha kidogo kimwagike chini mpaka rangi ikae sawa, kisha anajaza. Jambo moja tu maishani mwake amelinyamazia na ndilo nililohitaji kulisikia. Sikumfokea. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikacheka mpaka akaniletea maji.

Wakaguzi walirudi tarehe 16 Agosti, walewale wawili. Tulichota juu, kati na chini, matangi yote manne. Sasa tunasubiri tangi litulie, tunaondoa maji na gliserini kwanza, ndipo tunachota, na bomba la kutolea tumelipandisha shubiri moja kutoka sakafuni. Chupa zote tatu zilifanana, ukiziweka pamoja huwezi kujua ipi ni ipi. Mama Kalamu alikuwa na barua yangu mkononi. Aliisoma tena mbele yangu bila haraka, na alipofika mwisho alinipa moja ya kalamu zake nisaini kila ukurasa. Mzee Kimya hajaamini mpaka leo. Alhamisi ya wiki iliyopita alama ilifika, na yadi imeandika kwamba tunaendelea. Wafanyakazi wote sita wapo. Nimewaambia kwa nini wapo, na kwa ajili ya nani.

Sasa neno langu kwako. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini miaka tisa ilipita. Si kwamba watu hawakuona. Fundi mkuu aliona, Mzee Kimya aliona, yule mkaanga viazi wa kona anayenunua dizeli ya jenereta amekiri jana kwamba naye alikuwa anachuja kwa kitambaa cha zamani cha mkewe. Wote wananipenda, sina shaka nao. Wamenipenda wakamwaga maji yangu kwa siri, wakanionea haya. Na mimi nilikupenda vivyo hivyo, nikaikalia karatasi yako ili usione haya, na ningeendelea kuikalia mpaka tufunge geti.

Wewe ulinipenda, na hukunionea haya. Asante, mwanangu.

Shangazi yako